Mchango wa Saa

Harusi ikitangazwa katika kundi letu la WhatsApp, kabla ya jioni kamati imekwishaundwa, mweka hazina amepatikana na majina ya wachangiaji yamepangwa kwa namba. Msiba ukitokea, mwili wa mwenzetu husafirishwa hadi Moshi, Kisii au Bukavu, na familia haiachwi peke yake. Ni sifa ya jumuiya yetu hapa Marekani, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini wapo kati yetu wanaojiandaa na mtihani wa GRE ili waombe nafasi ya kusomea shahada ya uzamili au ya uzamivu. Wengine ni vijana, wengine ni akina mama na akina baba wenye watoto. Hao tumewaacha wahangaike wenyewe, usiku wa manane, miguu ikiuma baada ya zamu. Mwandishi wa tahariri hii aliusomea mtihani huo ndani ya gari, nje ya nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, kitabu kikiwa juu ya usukani. Wakati ule alidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Leo anasema haikupaswa.

Tuufahamu kwanza mtihani wenyewe, maana unatisha zaidi kwa asiyeujua. Unatungwa na kusimamiwa na ETS, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947, yenye makao yake New Jersey. Zamani ulichukua karibu saa nne. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, na sasa unakwisha kabla saa mbili hazijatimia. Kuna insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na maswali 27 ya hesabu. Lugha hupewa alama kuanzia 130 hadi 170, na hesabu vivyo hivyo. Insha hupewa 0 hadi 6. Ukikosa swali hupunguziwi alama, kwa hiyo usiache swali lolote bila jibu. Tena, sehemu ya pili ya hesabu au ya lugha hupangwa kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Maswali yakianza kuwa magumu, usikate tamaa: huenda ni kwa sababu umefanya vizuri.

Hesabu zinazoulizwa hazizidi za sekondari: aljebra, jometri, asilimia, uwiano, kusoma majedwali na grafu. Kikokotoo kimo ndani ya kompyuta. Kinachowaangusha wengi wetu ni kwamba miaka kumi au zaidi imepita tangu waziguse hesabu hizo. Waliosoma Kongo na Burundi wana kikwazo kingine. Wao walifundishwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mkato hutenga desimali. Katika mtihani huu mkato hutenga maelfu, na desimali hutengwa kwa nukta. Mtu anayeijua hesabu barabara anaweza kuikosa kwa ajili ya mkato mmoja, na akikaa peke yake hana wa kumwonyesha.

Lugha ndiyo inayodai muda mrefu zaidi. Maneno yanayoulizwa hayasikiki kazini wala dukani, na kuyakariri kwa orodha ndefu hakusaidii sana, kwa kuwa swali hukutaka ujaze pengo kwa kufuata maana ya sentensi nzima. Soma kila siku makala moja ndefu na nzito ya Kiingereza, na neno jipya liandike pamoja na sentensi ulimolikuta. Miezi mitatu ya nusu saa kila siku inazidi wiki mbili za kukesha.

Saa nayo ni mtihani ndani ya mtihani. Maswali yote ya lugha yana dakika 41, ya hesabu dakika 47. Swali moja halifikii dakika mbili. ETS hutoa bure mitihani miwili kamili ya majaribio kwenye intaneti. Fanya mmoja mwanzoni ujue ulipo, na wa pili uuweke hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Uufanye kwa kuhesabu dakika, simu ikiwa imezimwa na mlango umefungwa.

Kabla ya kulipa, uliza. Tangu janga la korona la mwaka 2020 programu nyingi zimeacha kudai GRE, na hata ndani ya chuo kimoja idara moja huweza kuutaka na nyingine isiutake. Ada yake hapa Marekani ni dola 220. Kwa mwenzetu anayelipwa dola 15 kwa saa, hizo ni karibu siku mbili za kazi hata kabla ya kodi. Jiandikishe kwa majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho. Sisi wenye majina matatu, leo hili mbele na kesho lile, tuwe waangalifu hasa.

Tunajua pia kwamba wengi hujiandaa kwa siri, wakiogopa kuchekwa wakipata alama ndogo. Ndugu zetu, hakuna aibu hapa. Mtihani hurudiwa baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na mwenyewe huchagua matokeo ya siku ipi yapelekwe vyuoni. Alama hudumu miaka mitano. Anayestahili lawama ni yule anayemwuliza mwenzake, "Na umri huo bado unasoma tu?"

Wenzetu hawa wana akili ya kutosha. Wanachokosa ni saa, na saa tunazo tukizigawana. Kuna anayeweza kukaa na watoto wa jirani Jumamosi asubuhi. Kuna mwenye chumba kitupu, chenye meza na utulivu. Kuna mhandisi na mhasibu wanaoweza kuwakumbusha watu watano aljebra kwa wakati mmoja. Kuna waliokwishaufanya mtihani, nao wanajua pa kuanzia.

Vyuo vingi hufunga kupokea maombi Desemba na Januari. Kwa hiyo tunaomba kila anayejiandaa ampe katibu wa jumuiya jina lake sasa. Nawe uliye na nafasi, andika jina lako na idadi ya saa utakazotoa kila wiki, kama unavyoandika kiasi cha mchango wa harusi. Ukishaahidi, timiza.