Bakshishi Haitoshi

Ukimaliza kula mkahawani Kampala, humwachia mhudumu kiasi gani? Mimi hutoa sehemu moja ya kumi ya bei, taslimu, mkononi mwake. Ile iachwayo kwenye trei huenda isimfikie. Hata hivyo, kinachonikera si kiasi hicho. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu mwaka 1984. Sahani ya samaki aliyokuletea yaipita bei hiyo! Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini, Rais akakataa kuutia saini. Basi toa bakshishi, ni haki yake. Kisha mwulize mbunge wako muswada ule utarudi bungeni lini.