Je, Kijana Huyu Ameibiwa?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya alitusubiri mlangoni mwa sakristia. Hakuja na shida ya ada wala ya uchumba. Alikuja na swali la gemu. Kwa miezi minne alikuwa ameweka akiba kutokana na kazi yake ya kutengeneza simu, akanunua diski ya mchezo mpya wa video mara tu ulipotoka, kwa bei kamili: dola 70 za Marekani, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi 160,000. Alipouanzisha, ulikuwa ukikwama kila baada ya dakika chache. Miezi mitatu baadaye akaukuta katika duka lile lile kwa nusu ya bei. “Padre,” alituuliza, “je, nimeibiwa?”

Tukiri kosa letu. Jibu la kwanza lililotujia mdomoni lilikuwa la kumkemea. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma nchini mwetu, tangu Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi, naye ametoa karibu theluthi ya kiasi hicho kwa burudani! Lakini kijana hakutuuliza kama ni vema kucheza. Aliuliza juu ya haki. (Na sisi tuliopita seminarini tunakumbuka vizuri fedha tulizomaliza kwa kununua kanda za muziki.)

Tuwatendee haki kwanza wauzaji. Huko Marekani bei ya kawaida ya mchezo mkubwa ilifika dola 60 mnamo mwaka 2005 na 2006, ikapanda hadi 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 kampuni ya Nintendo iliuza Mario Kart World kwa dola 80. Malalamiko yalikuwa mengi. Hata hivyo dola 60 za mwaka 2005 zilinunua vitu ambavyo mwaka 2025 vilihitaji zaidi ya dola 90. Mchezo mkubwa hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na watu hao nao wanakula na kusomesha watoto. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dola 70 ni unyang’anyi kwa kuwa tu mifuko yetu ni myepesi. Lakini ukubwa wa bei hauthibitishi ubora: mnamo Septemba 2025 kikundi kidogo cha Australia kiitwacho Team Cherry kilitoa Hollow Knight: Silksong kwa dola 20 tu, na watu wakaugombania.

Wapo wanaotetea bei kwa kuhesabu saa. Mchezo wa saa 70 kwa dola 70, wanasema, ni dola moja kwa saa, rahisi kuliko sinema. Hesabu hiyo haituridhishi. Saa hizo hazitolewi na muuzaji. Ni za mchezaji mwenyewe, naye huzilipa juu ya fedha alizokwisha kulipa. Mchezo uliorefushwa kwa kurudiarudia mambo yale yale unaweza kuwa ghali kuliko mfupi uliotengenezwa vema.

Sasa turudi kwa kijana. Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijadili jambo hili katika Summa Theologiae, swali la 77 la sehemu inayohusu haki. Anamtaja mfanyabiashara aliyepeleka ngano mahali penye uhaba, akijua kwamba wenzake wako njiani na shehena nyingine na kwamba bei itashuka. Je, analazimika kuwaambia wanunuzi? Tomaso anajibu kwamba haki haimlazimishi, ingawa akiwaambia, au akipunguza bei, atakuwa ametenda kwa wema mkubwa zaidi. Basi kuhusu nusu ile ya bei, tulimwambia kijana: hukuibiwa. Ulilipia kuwa wa kwanza. Mwenye subira angelipa kidogo, tena angepata mchezo uliokwisha kurekebishwa.

Kuhusu kukwama, jibu ni jingine. Tomaso huyo huyo anasema kwamba kasoro iliyofichika, inayoharibu matumizi ya kitu, muuzaji analazimika kuitaja. Asiuze farasi kilema kana kwamba ana mbio. Mchezo wa Cyberpunk 2077 ulipotoka Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi, hasa katika mashine za zamani, Sony waliuondoa katika duka lao la mtandaoni baada ya siku chache, wakawarudishia fedha walionunua hapo. Hilo ndilo deni la muuzaji. Kusema kwamba marekebisho yatakuja baadaye kwa intaneti hakutoshi, maana kwetu marekebisho hayo hula bando, na mnunuzi hulipa mara ya pili kwa kosa ambalo si lake.

Na kuna jambo lililotutia wasiwasi zaidi. Mchezo wa The Crew, uliotoka mwaka 2014, ulizimwa na kampuni ya Ubisoft tarehe 31 Machi 2024. Seva zilipofungwa, hata mwenye diski mkononi hakuweza kucheza. Anayedai bei kamili ya kitu, halafu akabaki na ufunguo wake, amekodisha, na alipaswa kutamka hivyo tangu mwanzo.

Tulimshauri arudi dukani na kudai fedha zake kwa adabu. Alikwisha kwenda, akakataliwa. Kisha akatuambia lililomleta hasa: binamu yake wa Morogoro yuko tayari kuinunua diski kwa shilingi 100,000.

“Umemwambia kwamba inakwama?” tulimuuliza.

Alitazama viatu vyake kwa muda. “Nitamwambia,” alisema hatimaye. “Lakini Padre, basi atanipa kidogo sana.”

Tulimjibu kwamba nasi tunadhani hivyo.