Pima Panapolalamikiwa

Programu ya chama cha akiba na mikopo ikianza kujikokota, ushauri unaotolewa haraka ni kununua kompyuta nyingine. Sisi tunasema pesa hizo zikae kwanza. Kijana aliyeiandika programu hiyo, awe mtaa wa Walukuba, katikati ya mji wa Jinja au Mbale, aeleze ni sehemu gani inayokula muda, na aeleze kwa vipimo. Kukisia hakutoshi: Donald Knuth alipochunguza programu za Fortran mwaka 1971, alikuta chini ya asilimia 4 ya programu ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya muda.

Chombo cha kupimia kipo, tena bure. Gprof ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1982. Ukiiongezea kompaila ya GCC alama ya -pg, programu itajichungulia mara 100 hivi kwa sekunde na kuandika iko kwenye fanksheni ipi. Ikifunga, inaacha faili la gmon.out, ambalo gprof hulisoma na kutoa ripoti.

Tatizo ni wanaopima kila kitu, tangu programu inawashwa hadi inazimwa. Mita ya umeme ya Yaka hukuambia yuniti zimekwisha. Haikuambii kama ni pasi au friji. Tuseme programu ya chama husoma rekodi za wanachama wote kila asubuhi kwa dakika mbili, halafu taarifa ya mwanachama mmoja huchukua sekunde nane. Anayenung'unika ni yule aliyesimama dirishani akisubiri zile sekunde nane. Ukipima yote, zile dakika mbili zitafunika ripoti, nawe utahangaika kurekebisha kitu kisichomsumbua mtu.

Dawa ni mistari mitatu ndani ya programu yenyewe. Mwanzoni kabisa mwa fanksheni ya main andika moncontrol(0), kipimo kizimwe. Kabla ya kuandaa taarifa, moncontrol(1), kiwashwe. Ikishatoka, moncontrol(0) tena. Na kwa kuwa sekunde nane huleta sampuli zisizozidi 800 hivi, toa taarifa za wanachama hamsini mfululizo ndipo usome matokeo.

Ripoti hiyo nayo isiaminiwe kwa upofu. Gprof huhesabu muda ambao prosesa inafanya kazi. Programu ikikaa kusubiri diski au mtandao, gprof haihesabu chochote. Ripoti ikionyesha sekunde moja wakati saa ya ukutani imehesabu nane, mchawi yuko kwenye kusubiri. Halafu gmon.out huandikwa programu inapofunga vizuri. Umeme ukikatika katikati, na tunaujua umeme wetu, hakuna faili.

Walimu wa kompyuta wa Jinja na Mbale wanaweza kuanza muhula ujao: mradi wa mwisho wa mwanafunzi usipokelewe bila ripoti mbili, ya kabla ya marekebisho na ya baada yake. Nanyi viongozi wa vyama, fundi akija na bei ya kompyuta mpya, mwambieni atangulize ripoti.