Paka wa kiwanja, msimu kwa msimu



Katika wiki hizi za mwezi wa sita maharagi ya msimu B yanaingia nyumbani. Toka Bungulu mpaka Boikene turubai zimetandikwa kwenye viwanja, watoto wanapiga maharagi kwa fimbo, na jioni magunia yanapangwa ndani, mara nyingi katika chumba kile kile tunamolala. Usiku wa pili au wa tatu tunaanza kusikia mbio juu ya dari. Panya nao wamejua kwamba mavuno yamefika. Kwa sababu hiyo tunazungumza wiki hii juu ya paka.

Mwenye kuuliza kama Beni haina mambo makubwa zaidi ya paka, tunamwelewa. Lakini tuhesabu pamoja. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, wengi wetu tuliacha mashamba ya Mayangose na ya upande wa Mbau. Kilichobaki kwa jamaa nyingi ni bustani ya kiwanjani na kipande cha shamba la karibu. Gunia moja la maharagi lililotoka hapo ni chakula cha watoto, ni mbegu ya kupanda mvua zitakaporudi, na ni pesa ya shule. Panya hali tu. Anatoboa gunia, anakojolea kinachobaki, na uzao wake haungoji: mimba yake ni ya wiki tatu hivi. Panya wawili wa mwezi wa sita ni jeshi kufika mwezi wa tisa.

Wengi tunakimbilia dawa ya panya. Inauzwa sokoni na barabarani kwa pesa kidogo, ndani ya vifuko visivyo na jina wala maelezo. Hapo tunaomba mkae chini mfikiri. Dawa nyingi za namna hiyo haziui panya mara moja. Zinamwacha atembee siku kadhaa akiwa mlegevu, damu ikimtoka ndani kidogo kidogo. Panya mlegevu ni mwepesi kukamatwa. Paka anamla, na sumu inaingia kwake. Mama amelipa pesa ili aue panya watano, na ameua pia mwindaji ambaye angekamata panya mwaka mzima. Panya wengine wakihamia kutoka kwa jirani, hakuna wa kuwazuia. Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Walisahau tu kuongeza kwamba mara nyingine sisi wenyewe ndio tunaomwondoa.

Kuna pia vidonge vya kuhifadhi nafaka, vile vinavyotoa moshi wa sumu vikikutana na unyevu wa hewa. Hivyo si vya nyumba ya kulala watu, hata kidogo. Moshi wake hauchagui panya na mtoto. Yeyote aliye na magunia chumbani asiviweke humo, na asikubali fundi au mchuuzi amwambie kwamba kidonge kimoja hakina neno.

Tumfuate sasa paka wetu tangu kiangazi hiki mpaka mvua zirudi na kuisha.

Mwezi wa sita na wa saba kazi yake iko ndani, karibu na magunia. Tumrahisishie. Magunia yasigusane na ukuta wala ardhi. Tuyaweke juu ya mbao au mawe, tuache nafasi ambayo paka anaweza kupita na kuzunguka. Gunia lililobanwa kwenye pembe ni nyumba ya panya. Maji yanapopungua, tumwekee paka kibakuli chake. Na tumlishe. Wengi wanaamini kwamba paka mwenye njaa ndiye anayewinda vizuri. Si kweli. Paka anawinda kwa asili yake, hata akiwa ameshiba. Yule mwenye njaa anahama kutafuta jiko la jirani, au anaanza kuiba mchuzi. Vichwa vya samaki wanaoletwa kutoka Kyavinyonge, miiba laini, ndakala chache, vinatosha. Mwili wa paka hauwezi kukaa kwa fufu peke yake, unahitaji nyama au samaki. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi wakubwa, kwa hiyo tuwaachie watoto wetu.

Mwezi wa nane mvua zinarudi na tunapanda msimu A. Panya nao wanatoka nje: wanafukua mbegu za muhindi na karanga kabla hazijaota. Siku hizo paka akilala mchana kutwa tusimwite mvivu, maana usiku alikuwa bustanini. Kukinyesha anarudi amelowa na anataka moto. Ndugu zetu wa Butembo, walioko juu zaidi kwenye baridi, wanajua hili vizuri kuliko sisi: paka analala ndani ya majivu ya mbabula. Kabla ya kuweka makala asubuhi tutazame ndani, hasa kama nyumbani kuna watoto wa paka.

Desemba na Januari mavuno ya kwanza yanaingia na mambo ya magunia yanaanza upya. Halafu Februari na Machi tunalainisha vitalu kwa ajili ya lengalenga, vitunguu na tomati. Hapo ndipo paka na mama wanagombana. Udongo laini, mkavu juu, ni choo anachokipenda kuliko vyote. Tusimpige mawe. Tufunike kitalu kwa matawi yenye miiba au kwa fito zilizopangwa karibu karibu mpaka miche ishike, na tumpe pembe yake nyuma ya migomba, yenye mchanga na majivu. Baada ya siku chache atazoea. Vifaranga navyo, wiki zao za kwanza, vikae chini ya tenga. Kuku mwenyewe atamfundisha paka adabu.

Kuna jambo moja ambalo halina msimu kwetu, nalo ni uzazi. Katika nchi za baridi, kama Ufaransa, paka jike anapumzika kuzaa siku zinapokuwa fupi. Mwanga wa mchana ndio unaoamsha mwili wake. Sisi wa Beni tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, basi paka wetu hana likizo. Anabeba mimba karibu siku 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ndiyo sababu tunakuta watoto wa paka ndani ya mfuko barabarani, jambo ambalo halitupendezi. Wakifika wiki nane wapelekwe kwa watu waliowaomba mapema. Mwenye dume anaweza kumwomba daktari wa wanyama amhasi. Dume aliyehasiwa hazururi sana na hapigani sana.

Tuseme na afya, maana sisi ndio tunaoshika vyote, udongo, chungu na mtoto. Mama mwenye mimba asisafishe mavi ya paka kwa mikono mitupu. Ndani yake kunaweza kuwa na kijidudu kinachoitwa toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi kinahitaji siku moja au zaidi kabla ya kuwa cha hatari, kwa hiyo kiondolewe kila siku na mtu mwingine. Hakuna sababu ya kumfukuza paka. Mboga za bustani zioshwe vizuri, nyama iive, na tunawe kwa sabuni tukitoka kulima. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kila mlango wa Beni ulikuwa na ndoo ya kunawa. Waliohifadhi ndoo ile waendelee nayo, kazi yake haijaisha.

Paka akimwuma mtoto, au akimkwaruza mpaka damu itoke, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu aende kituo cha afya siku ile ile. Kichaa cha mbwa kinaweza kuwa pia cha paka, na dalili zikishatokea kwa mtu hakuna dawa ya kumwokoa. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huo. Tuitumie kuuliza mapema bei ya chanjo za mbwa na paka katika mtaa wetu.

Na kwa kuwa jirani zetu wa Ituri wanajua tauni, nasi tuijue: panya wengi wakifa wenyewe bila sumu, wasiguswe kwa mkono, kwa sababu viroboto vyao vinatafuta mwili mwingine. Watoto wakae mbali, na kituo cha afya kipewe habari. Paka naye anaweza kuugua tauni na kumwambukiza mtu. Akiwa na homa na uvimbe chini ya taya, tusimbebe mikononi.

Mwisho, tuna neno juu ya paka walioachwa. Jamaa ikihama usiku kwa sababu ya risasi, mbwa anafuata watu, paka anabaki na nyumba. Baada ya wiki moja tunamwona juu ya ukuta, amekonda, analia. Kama ni mweusi, wengine wanaanza kusema ni mchawi, na vijana wanaokota mawe. Wamama, tunawajua wenye nyumba hizo. Wengine tuliwaandikia ujumbe wiki iliyopita tu. Paka huyo si wa kichawi, anangoja watu wake. Wenzetu wa pwani wanasema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Kichwa kimoja cha samaki kwa siku kinamweka hai, naye atalinda magunia ya nyumba tatu za karibu. Siku wenye nyumba watakaporudi, watakuta mlango umevunjika labda, lakini watakuta kitu kimoja cha kwao kingali hai.

Basi kabla ya mkutano wetu ujao, tufanye mambo matatu. Tuinue magunia kutoka ardhini. Tuzungumze na jirani wa kulia na wa kushoto ili nyumba zetu tatu zisinunue dawa ya panya, maana mmoja akiweka sumu paka wa wote anakufa. Na mwenye watoto wa paka aje na hesabu yake, ili wanaohitaji wajulikane kabla ya mvua za Agosti.

Mavuno mema, na Mungu alinde viwanja vyetu. Tukutane wiki ijayo.