Malkia Naye Hupigana

Imeenea baina ya watu wa zama zetu dhana moja ambayo, kwa uzuri wa sura yake, aghalabu hupita bila ya kuhojiwa: kwamba vita ni maradhi ya wanaume, na kwamba lau hatamu za dola zingekabidhiwa wanawake, wao wazaao kwa uchungu na kulea kwa subira, mizinga ingenyamaza na kila ugomvi ungekwisha kwa mazungumzo. Huyasema haya wahubiri, huyasema wanasiasa watafutao kura za akina mama, na huyasema hata wanawake wenyewe wakidhani kwamba wanasifiwa. Nami naona ni wajibu kuipinga, kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Na tuanze kwetu pwani. Wareno walipozingirwa na Waomani ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Unguja ilikuwa chini ya Mwana Fatuma, na malkia huyu hakukaa kando akiomba dua ya suluhu. Alichagua upande, akawapelekea Wareno chakula ngomeni, na Waomani walipopata ushindi akachukuliwa mateka hadi Maskati. Hayo hakuyatenda kwa ukatili wala kwa upole. Aliyatenda kwa sababu enzi yake ilikuwa imefungamana na Wareno, na mtawala yeyote, awe na kilemba au awe na ushungi, lau angalikaa pale alipokaa yeye angalikutana na hesabu ile ile. Kadhalika Nzinga wa Ndongo na Matamba, katika nchi tuiitayo leo Angola, alipambana na Wareno hao hao miaka mingi mpaka mapatano ya 1656. Na Catherine wa Pili wa Urusi aliitwaa Krimea mwaka 1783 na akashiriki mara tatu katika kuigawa Poland.

Hapo hujibiwa kwamba wanawake hao walikuwa wachache katika ulimwengu wa wanaume, wakalazimika kutenda kama wanaume. Lakini anayejibu hivyo amekwisha kuikubali hoja yangu bila ya kujua, maana anakiri kwamba kiti ndicho kimtengenezacho mkaaji, wala mkaaji hakibadili kiti kwa maumbile yake tu. Wachunguzi waliozipitia falme za Ulaya tangu 1480 hadi 1913 waligundua kwamba dola zilizotawaliwa na malkia ziliingia vitani zaidi kuliko zile za wafalme.

Basi watu hupigania nini? Mwanahistoria wa Kiyunani, Thucydides, aliwatia Waathene kinywani sababu tatu za kung'ang'ania dola yao: hofu, heshima na maslahi, na mpaka leo sijaona vita visivyoingia humo. Mwaka 1971, wakimbizi wapatao milioni 10 walimiminika India kutoka Pakistan ya Mashariki, hazina ikaelemewa na mipaka ikachafuka, na waziri mkuu wa India, Indira Gandhi, akiona pia fursa ya kumdhoofisha jirani hasimu, akajiandaa miezi kadhaa hata Desemba vita vikazuka. Siku 13 baadaye jeshi la Pakistan likasalimu amri mjini Dhaka. Hofu ilikuwepo, na maslahi yalikuwepo. Jinsia ya waziri mkuu ingeliongeza nini au ingelipunguza nini?

Sikatai kwamba ngumi, visu na bunduki za mitaani ni za wanaume kwa sehemu kubwa, na magereza ya dunia yote ni shahidi. Lakini vita vya dola havizaliwi kwa hasira ya mtu mmoja. Huazimiwa barazani mwa mawaziri, hutengewa fedha, huandikiwa amri, na kalamu iandikayo amri hiyo haihitaji misuli.

Asiyesadiki na aitazame Rwanda, kwa wanawake wawili waliozaliwa katika jimbo moja la Butare na kuketi katika baraza moja la mawaziri. Agathe Uwilingiyimana, mwalimu wa kemia, alipokuwa Waziri wa Elimu aliiondoa kanuni ya kugawa nafasi za shule kwa kabila, akachukiwa kwa hilo. Akawa Waziri Mkuu, na asubuhi ya 7 Aprili 1994, alipokuwa akitaka kwenda redioni kulihutubia taifa, askari wa kikosi cha ulinzi wa rais wakamwua. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Katika mauaji ya kimbari yaliyofuata, Watutsi waliokimbilia ofisi ya jimbo la Butare wakitaraji hifadhi ya serikali walimwona waziri huyo akija na mwanawe na wanamgambo wa Interahamwe, akiamuru watu wapakiwe garini wakauawe, na wanawake wabakwe. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji. Wote wawili walikuwa mama.

Na Watanzania hawana haja ya kusafiri: nchi yao imeongozwa na mwanamke tangu Machi 2021, na uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na vifo, na amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam, na kufungwa kwa intaneti.

Pale ambapo wanawake wameleta amani, wameileta kwa kazi. Mwaka 2003, wanawake wa Liberia, Waislamu na Wakristo, walivaa nyeupe wakaketi juani na mvuani katika uwanja wa karibu na soko la samaki la Monrovia, mahali ambapo msafara wa rais Charles Taylor ulipita; kisha wengine wakaenda Accra, wakaziba milango ya ukumbi wa mazungumzo, na walinzi walipomjia kiongozi wao, Leymah Gbowee, kumkamata, akatishia kujivua nguo mbele yao. Mapatano ya kumaliza vita yakatiwa saini Agosti. Kumwambia mwanamke kama huyo kwamba alizaliwa mpole ni kumnyang'anya ujasiri wake. Hata Ellen Johnson Sirleaf, aliyechaguliwa kuiongoza nchi hiyo, alikiri mbele ya tume ya ukweli kwamba mwanzoni alimchangia Taylor fedha.

Linalonighadhibisha zaidi ni sharti lililofichwa ndani ya sifa hizi. Mwanamume huomba uongozi akiwa binadamu mwenye ila zake; mwanamke hutakiwa awe malaika kwanza, na akikosea mmoja, huhukumiwa wote. Na mwanamume naye hupewa udhuru asiostahiki, kwani ikiwa vita viko katika damu yake, nani atamlaumu?

Mwanamke na apewe kiti kwa kuwa ni haki yake, bila ya kuahidi muujiza wowote. Na akiisha kukikalia, bunge na raia wamwulize yale yale wamwulizayo mwanamume: askari wametumwa wapi, kwa amri ya nani, na waliokufa ni wangapi.