Anakula Lakini Anakonda: Tuujue Ugonjwa wa Tezi ya Shingo



Katika mwezi wa Mfunguo Mosi tulipokea barua ya mama mmoja wa Kisauni kuhusu mkaza mwana wake, binti wa miaka 28. Binti huyo alikuwa na kilo 63. Kwa muda wa miezi minne akashuka hadi kilo 52, ilhali sahani yake hairudi na kitu. Asubuhi hula mahamri matano, mchana huongeza wali mara mbili, na usiku wa manane huamka kutafuta kiporo. Majirani wakaanza kusema. Wapo waliosema mume hamlishi, wapo waliosema ni jicho, na mmoja, Allah amsamehe, akanong'ona kuhusu ukimwi.

Mama akahangaika kama mama yeyote angalivyohangaika. Alimsomea ruqya na kumnywesha kombe. Alimnunulia unga wa mwani kwa kuwa aliambiwa hutia nguvu, vidonge vya nywele kwa kuwa nywele zilikuwa zikikatika, na kichupa cha vidonge vya kunenepesha kutoka duka la dawa lililo karibu nao. Hakuna kilichofaa. Kilichomfanya ashike kalamu ni kwamba siku moja, wakiswali pamoja, alimwona binti akishindwa kuinuka kutoka sijda bila ya kushika ukuta.

Tulimsihi ampeleke hospitali akapimwe damu, na kipimo kikaonyesha kuwa tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Kwa idhini yao tunaandika makala haya, maana tunaamini nyumba hiyo si ya pekee.

Tezi hii, ambayo madaktari huiita thairoidi, iko mbele ya koo na ina umbo la kipepeo. Humwaga damuni homoni zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Homoni zikizidi, mwili huwa kama seredani inayopepewa bila kukoma: unatia makaa, nayo yanateketea kabla ya maji kuchemka. Ndiyo sababu mgonjwa hula sana akazidi kukonda. Moyo humdunda hata akiwa amekaa. Vidole hutetemeka, kikombe cha kahawa kikawa hakitulii mkononi. Joto humsumbua wakati wenzake wanajifunika shuka, hedhi hubadilika, choo huwa cha mara kwa mara, usingizi hupaa. Pia huwa mwepesi wa kukasirika na kulia, na hapa tumeona nyumba zikivunjika kwa jambo ambalo lingetibika: maradhi yakadhaniwa ni jeuri ya mkaza mwana.

Sababu iliyo kubwa ni ile iitwayo ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi bila haki. Umepewa jina la Robert Graves, tabibu wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, ingawa tabibu wetu Ismail al-Jurjani, katika karne ya 12, alikwisha kuandika juu ya watu wenye rovu la shingo pamoja na macho yaliyotokeza. Huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Iko pia aina inayokuja katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ambayo aghalabu hupita yenyewe, kisha tezi ikalegea kwa muda. Kwa hivyo mzazi anayekonda haraka hata baada ya arubaini, tusimwambie tu kuwa mtoto anamnyonya nguvu. Apimwe.

Turudi kwenye mkoba wa yule mama, kwani humo ndimo mlimokuwa na hatari.

Kwanza mwani. Kina mama wenzetu wa Kibuyuni, Kwale, wanaulima na kupata riziki ya halali, nasi hatusemi neno baya juu ya sabuni na mafuta yao. Lakini mwani unakusanya iodini, yale madini ambayo tezi huyatumia kutengenezea homoni, na hakuna anayeweza kukwambia kijiko kimoja cha unga wake kina kiasi gani. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Chumvi yetu ya jikoni, ikiwamo ile inayovunwa Gongoni, hutiwa iodini kwa mujibu wa sheria ya nchi. Kumwongezea iodini mtu ambaye tezi yake tayari inakimbia ni kuongeza upepo kwenye seredani. Samaki wa kawaida na chumvi ya kiasi hahitaji kuviacha, isipokuwa daktari akimtayarisha kwa kipimo au tiba ya iodini ya mionzi na kumpa masharti ya chakula.

Pili, vidonge vya nywele. Vingi vina vitamini iitwayo biotini kwa kiasi kikubwa. Haimdhuru mgonjwa moja kwa moja, bali huvuruga vipimo: katika baadhi ya mashine huonyesha kuwa homoni ni nyingi wakati si nyingi. Mwanamke mzima anaweza kuambiwa ni mgonjwa, na mgonjwa akaongezewa dawa asiyoihitaji. Iachwe angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na ikiwa kipimo chake ni kikubwa, muda mrefu zaidi kama daktari atakavyosema. Nywele zenyewe hurudi tezi ikitulia. (Na kwa kuwa vidonge vingi huwekwa ndani ya vifuko vya jelatini, ni haki yako kuuliza jelatini hiyo imetokana na mnyama gani.)

Tatu, na hivi ndivyo tunavyoviogopa zaidi, ni vidonge vya kunenepesha. Baadhi vina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula na usingizi. Vingine vina deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Huyu binti hakukosa hamu ya kula! Steroidi humvimbisha mtu uso, majirani wakasema amenona, kumbe inazidi kumla misuli na mifupa. Tena mtu akishaitumia kwa wiki nyingi hapaswi kuikata ghafla, kwani mwili huwa umesahau kutengeneza ya kwake. Kichupa chochote cha namna hiyo kibebwe kionyeshwe daktari, hata kama tunaona haya.

Tiba yenyewe mara nyingi huanza kwa kabimazoli, ambayo hupunguza utengenezaji wa homoni, na pengine propranololi ya kutuliza moyo, ambayo haimfai mwenye pumu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki chache. Mgonjwa akipata homa pamoja na maumivu ya koo au vidonda vya mdomo, asimeze tena kabimazoli na aende siku hiyohiyo akapimwe chembe nyeupe za damu. Ni nadra, lakini ni jambo la kufa na kupona. Anayetarajia kushika mimba amwambie daktari mapema, kwa kuwa dawa huenda ikabadilishwa. Na homa kali pamoja na kutapika, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ni dharura ya usiku huohuo, si ya kungoja asubuhi.

Sasa chakula, ambacho ndicho mama alichouliza hasa. Chakula hakiponyi tezi, lakini dawa bila ya chakula humwacha mgonjwa mifupa mitupu. Kwanza tuelewe kilichopotea. Mwili unaoungua hauli mafuta peke yake, hula na misuli ya mapaja na mabega. Yule binti hakushindwa kuinuka kwa uvivu wa ibada. Misuli yake ilikuwa imekwenda. Mahamri, kaimati na chai ya sukari hujaza tumbo lakini havijengi misuli. Inayojengwa ni kwa mayai, samaki, kuku, maziwa, mbaazi, kunde na maharagwe, na kila mlo uwe na kimojawapo, hata ule wa saa nne. Mbaazi za nazi tunazo kila asubuhi, ziongezewe yai. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa badala ya maji, na utiwe kijiko cha siagi ya njugu. Korosho za kwetu, ufuta, parachichi na tui zito huongeza nguvu nyingi ndani ya kiasi kidogo. Milo mitano au sita midogo hukaa vizuri kuliko sinia mbili kubwa, hasa kwa tumbo linaloendesha. Kahawa chungu na chai kali ipunguzwe, maana huongeza mdundo na mtetemo. Kuhusu muguka, ambao siku hizi umeingia hata katika barza za wanawake, hatuna la kusema ila uachwe.

Mifupa nayo hupoteza kalsiamu homoni zikizidi. Maziwa, mtindi na dagaa wanaotafunwa na miba yao ni bora kuliko vidonge vya kujinunulia, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa hawa kalsiamu ya damuni huwa tayari imepanda. Vitamini D tunaikosa wengi tunaojisitiri, basi uani mwetu, ndani ya kuta, tuipe mikono na miguu jua. Vidonge vyake vifuate kipimo. Ama wanaosema kabichi au muhogo utatuliza tezi, sufuria zetu hazina kiasi cha kufanya hivyo.

Wapo pia wasomaji wenye tezi iliyolegea, wanaotumia levothairoksini, nao wakajiona wanakonda na moyo kudunda. Kwao huenda kipimo cha dawa kimezidi. Wasijipunguzie, wapimwe. Kidonge hicho humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na kitenganishwe saa nne na vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu. Katika Ramadhani wengi hukimeza wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Mwenye tezi inayokimbia na ambaye bado anapungua kilo, amwone daktari tangu Shaabani. Mgonjwa ana rukhsa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

Barua ya pili ya mama yule imetufikia mwezi huu wa Mfunguo Nne. Binti amerudisha kilo tano, huinuka kutoka sijda bila ya ukuta, na kombe bado anakunywa, jambo ambalo halina ubaya pamoja na dawa. Safari hii swali ni moja: sasa amenona, je, aache kabimazoli? Asiache. Kwa kawaida hutumiwa miezi 12 hadi 18 huku damu ikipimwa, na anayeikatiza mapema hurejea alikotoka. Kinachopaswa kupungua sasa, kidogo kidogo, ni mahamri: moto umeshuka, lakini mazoea ya kula usiku wa manane hubaki, na kilo zitakazofuata huenda zisiwe zile alizozipoteza.