Tunawaitaje Wenzetu?



Wilaya yetu ya Rungwe hupokea wageni wa mataifa mengi wanaokwenda kuona Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu. Kijana anayewaongoza huenda siku moja akakutana na Mjapani, akatamani kumsemesha kwa lugha yake. Matamshi hayatamsumbua sana, kwani Kijapani kina irabu tano zinazokaribiana na zetu. Kinachohitaji uangalifu ni namna ya kumwita mtu na kumwelezea.

Kwanza, jina. Mgeni aitwaye Tanaka huitwa Tanaka-san. Kiambishi hiki hufaa kwa mwanamume na mwanamke, lakini mtu hajiwekei mwenyewe. Juma akijitambulisha husema, “Watashi wa Juma desu,” yaani, “Mimi ni Juma.” Heshima hupewa mwenzako, hujipi. Mwalimu naye huitwa sensei.

Pili, neno “wewe”. Vitabu hufundisha anata, ila Wajapani wenyewe huliepuka, hasa mbele ya mkubwa, wakatumia jina au cheo. Sisi hatushangai. Ni mtoto gani aliyelelewa vema atakayemwambia mzee “Wewe!” asikemewe? Na Wanyakyusa humwamkia mkubwa mmoja kwa “Mugonile”, kana kwamba ni watu wengi, ilhali rika lake humwambia “Ugonile”.

Tatu, kumtaja asiyesemeshwa. Ano hito ni “yule mtu”; ano kata ni maana hiyo hiyo, kwa heshima zaidi. “Ano kata wa yasashii desu” ni kusema, “Yule bwana (au bibi) ni mpole.” Vilevile, mama yangu nikimtaja kwa watu wa nje ni haha, lakini mama yako ni okaasan. Wa kwangu namtaja kwa unyenyekevu, wa kwako namtukuza.

Ndugu msomaji, faida ya somo hili haiishii kwa watalii. Tujiulize tunavyowataja wenzetu wasipokuwapo. Katika vikao vyetu, anapotajwa mhitaji, mara nyingi husikika “yule kiwete”, “yule mjane”, “yule mlevi aliyetubu”. Jina lake halisikiki. Msaada unamfikia, lakini hadhi yake imekwisha kupunguzwa kabla ya unga kupimwa. Watoto wanaotusikia hubeba maneno hayo hayo hadi madrasa na shuleni, na mtoto wa mhitaji yule ndiye atakayeyasikia akitaniwa nayo. Huenda akamsihi mamaye asipokee tena msaada wowote. Hapo sadaka imegeuka kuwa jeraha.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Katazo hilo halikuwabagua walio mbali na wasiotusikia.

Wazazi, wiki hii tufanye zoezi dogo nyumbani. Kila mtoto amtaje jirani mmoja kwa jina lake, kwa “Bwana”, “Bibi”, “Mzee” au “Mama Fulani”, kisha aeleze sifa moja njema aliyoiona kwake. Akishindwa kulijua jina, aende akamsalimie na kumuuliza kwa adabu. Nasi viongozi wa misikiti tuandike majina kamili katika madaftari yetu, na hali ya mtu tuiseme pale tu inapolazimu.

Wabillahi tawfiiq.